Tulipu ya jangwani na nasaba yake

TULIPU ya jangwani, ijulikanayo kisayansi kama Tulipa systola, ni ua jekundu la mwituni linalochanua katika maeneo kame ya Mashariki ya Kati. Jina hilo ilipewa mwaka wa 1885 na Otto Stapf, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliyechunguza mimea iliyokusanywa Uajemi, ambayo leo ni Iran.

Jenasi ya Tulipa, iliyoainishwa na Carl Linnaeus mwaka wa 1753, imo katika familia ya Liliaceae. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 ulihesabu spishi 76, zilizogawanywa katika makundi manne.

Rangi pekee haitoshi kuzitofautisha. Wataalamu huchunguza pia vijiti vinavyobeba chavua ndani ya ua. Vya tulipu ya jangwani havina nywele, ilhali vya Tulipa biflora, yenye maua meupe na kiini cha manjano, vina nywele. Kwa hiyo spishi hizo mbili ni za makundi tofauti, ingawa zote huota katika jangwa la Negev, nchini Israeli.

Makao ya tulipu ya jangwani yanaanzia rasi ya Sinai, nchini Misri, yakapitia Negev na Jordan hadi Iraq na Iran. Kusini mwa Sahara hakuna tulipu ya asili. Kifabakazi, mti wa maua mekundu ambao Waingereza waliuita tulipu ya Afrika, ni wa familia nyingine kabisa, Bignoniaceae.

Majani ya tulipu ya jangwani yana kingo zilizojikunja kama mawimbi. Mvua za kipupwe zikishanyesha, mmea huchipuka na kuchanua majira ya kuchipua. Joto likizidi, majani hunyauka na uhai wote hujificha katika tunguu lililo ardhini.

Mbegu huchukua miaka kadhaa kukua hadi kutoa ua la kwanza. Anayechuma ua huondoa mbegu za kesho. Anayeng'oa tunguu huondoa mmea mzima. Hapo ndipo umuhimu wa uainishaji unapodhihirika: spishi adimu ikichanganywa na jamaa yake aliyeenea, yaweza kudhaniwa kuwa tele hata inapokaribia kutoweka.