Mapito ya Uluguru: Mlima, Msitu na Maji

Mtu asimamaye mjini Morogoro wakati wa alfajiri na kuinua macho upande wa kusini huiona milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu, na chini ya ukungu huo huwaona watu wakishuka mmoja nyuma ya mwingine. Wanawake wamejitwika vikapu vya mboga, na wanaume wamebeba mikungu ya ndizi mabegani. Wamefunga safari kungali giza ili wawahi soko. Saa chache baadaye, katika njia hiyo hiyo, hupanda wageni wenye mabegi mgongoni na fimbo mikononi, wanaotaka kuona misitu, maporomoko ya maji na vilele. Makundi haya mawili hupishana kwa salamu, na kwa desturi ya milimani yule asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo.

Katika insha hii tunakusudia kuyaeleza mapito hayo. Wengi wetu tumezoea kuitafuta historia katika majengo, katika makaburi ya watawala na katika hati zilizoandikwa. Lakini njia ya mguu nayo ni hati, iliyoandikwa kwa nyayo za vizazi vingi, na aisomaye vizuri hujua nani alipita, alibeba nini, na kwa faida ya nani. Tukiyasoma mapito ya Uluguru kwa namna hiyo tutaona jambo moja likijirudia: kila uongozi ulioamua mambo ya mlima huu bila kuwasikiliza wale wanaoutembea ulishindwa, na mlima wenyewe ulipata hasara.

Jina la Waluguru maana yake ni watu wa milimani. Koo zao nyingi husimulia kwamba wazee wao walitoka pande mbalimbali wakapanda juu kutafuta ardhi, mvua na usalama. Usalama huo haukuwa jambo dogo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watumwa kutoka pwani ilipita pande zote mbili za milima. Upande wa kusini palikuwa na kituo cha Zungomero, ambako Burton na Speke walipita mwaka 1857. Upande wa kaskazini palikuwa na mji wenye boma ulioanzishwa na Kisabengo, ukajulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene. Stanley aliupita mwaka 1871. Basi njia kuu zilizunguka mlima, na hatari ikazunguka nazo. Njia za mlimani zilikuwa za namna nyingine: nyembamba, zenye mwinamo mkali, zikifuata migongo ya vilima na kuvuka mito mahali ambapo mwenyeji peke yake ndiye ajuaye jiwe la kukanyaga. Mgeni mwenye nia mbaya hakuweza kuzipita kwa haraka, na kwa hiyo njia zenyewe zilikuwa ngome.

Njia hizo pia zilichorwa na desturi. Ardhi ya Waluguru iligawanywa kwa koo, na ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Bali njia ilikuwa ya wote, kwa kuwa mtu hutembelea wajomba, huoa ng'ambo ya bonde, na huenda msibani kilima cha pili. Palikuwa na vichaka na misitu midogo ya matambiko, mahali walipozikwa wazee, ambapo hapakukatwa mti. Huko Kinole alikaa Kingalu, mtawala aliyesifika kwa kuomba mvua, na watu wa mbali walimwendea kwa miguu wakati wa ukame. Tukumbuke basi kwamba kuhifadhi sehemu za msitu si fikra iliyoletwa na wageni. Aliyekatazwa kukata mti wa tambiko alijua sababu ya kukatazwa, naye alikuwa mmoja wa waliolinda katazo hilo.

Wadachi walipoitawala nchi, walitenga sehemu za juu za milima kuwa misitu ya serikali. Juu ya mji wa Morogoro, mwendo wa saa mbili au tatu kwa mguu, walijenga nyumba ya mapumziko mahali paitwapo Morningside, ambapo baridi iliwafaa kuliko joto la bondeni. Wapanda milima wengi wa siku hizi huanzia huko safari yao ya kuelekea kilele cha Bondwa. Nyumba hiyo ni ukumbusho wa wakati ambapo mlima uligawanywa: wachache walipanda ili kupumzika, na wengi walipanda ili kubeba. Mwezi wa Agosti mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yakiongozwa na Smuts yalipoingia Morogoro, askari wa von Lettow-Vorbeck walirudi nyuma kuelekea Kisaki wakiizunguka milima. Nyuma ya kila jeshi walitembea wapagazi Waafrika, wakibeba chakula na risasi za vita isiyowahusu. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hiyo kwa njaa, homa na uchovu. Atembeaye leo kwa starehe katika njia za pande hizo hana budi kuwakumbuka.

Mkasa mkubwa zaidi ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya Waingereza iliona kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua, na kwamba mito inabeba matope. Jambo hilo lilikuwa kweli, wala hatusemi kwamba walibuni. Kosa lilikuwa katika dawa waliyoichagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na wakulima wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao kwa siku zilizopangwa kila juma. Asiyechimba alitozwa faini. Kazi hiyo ngumu iliwaangukia hasa wanawake. Udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba katika miteremko mingi. Jembe lilipochimba sana, udongo mzuri ulifukiwa na ule usio na rutuba ukatokea juu. Wakulima walisema hivyo, maana walikuwa wakiuona kwa macho yao, lakini hawakusikilizwa. Watawala wa jadi, ambao mkoloni aliwatumia kusimamia amri hiyo, walipoteza heshima mbele ya watu wao.

Mwezi wa Julai mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, kupinga matuta. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango huo uliachwa, na uchungu wa siku ile ukawa mojawapo ya mambo yaliyowafanya Waluguru wengi kuiunga mkono TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Hivi ndivyo njia zilizokuwa zikipitisha ndizi na mahindi zilivyopitisha pia habari za uhuru kutoka kilima hadi kilima.

Lakini twende upande wa magharibi, Mgeta. Huko msafiri atakuta matuta yaliyopangwa vizuri kutoka bondeni hadi juu, yenye mifereji midogo ya maji, yamejaa kabichi, karoti na njegere. Je, watu wa Mgeta walikuwa watiifu kuliko wa Matombo? La hasha. Mboga zilikuwa na soko, maji ya kumwagilia yalikuwapo, na tuta lilimlipa aliyelichimba. Mkulima ni yule yule, na mlima ni ule ule. Tofauti ni kwamba hapa kazi ilitokana na faida aliyoijua mwenyewe, na kule ilitokana na amri. Aisifuye mvua imemnyea. Aliyelima mteremko ndiye ajuaye namna ya kuushika udongo wake.

Swali hili halikuisha na ukoloni, kwa sababu maji ya Uluguru yanakwenda mbali. Mto Ruvu, unaopokea vijito vingi vya milima hii, umekuwa tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Magharibi ya mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Iringa, liko bwawa la Mindu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya kuupatia mji maji. Bwawa hilo hulishwa na mto Ngerengere na mito ya Mzinga, Mlali na Lukulunge. Msafiri akishuka kutoka milimani na kufika ukingoni mwake, huona ndege wa majini, mitumbwi ya wavuvi na vivuli vya milima juu ya maji. Akitazama vizuri huona pia matope. Kila mvua kubwa hushusha udongo, na udongo huo hutua bwawani ukipunguza nafasi ya maji. Shamba la juu na bomba la chini vimeunganishwa na mteremko mmoja.

Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Vilele vyake hupita mita 2,600. Humo yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, asiyepatikana penginepo duniani, na iko mimea isiyoota kwingine. Tunaukubali ulinzi huo, na tunafurahi kuona vijana wetu wakipanda mlima kuijua nchi yao. Lakini tunasema wazi kwamba mpaka wa hifadhi ukiwekwa, mwenye kupata hasara ya kwanza ni jirani wa mpaka, ambaye alizoea kuokota kuni na kukata miti ya kujengea. Mwenye bomba mjini hapati hasara hiyo. Yeye hupata maji. Basi haki yataka faida ya maji na ya wageni imrudie mkulima wa juu, kwa miche, kwa soko, kwa shule na zahanati, na kwa nafasi yake katika kikao kinachoamua. Bila hivyo, katazo litafanana na lile la 1955, hata kama lengo lake ni jema.

Tunarudi pale tulipoanzia, njiani alfajiri. Mgeni anayepanda anasimama kando ya njia, na mama mwenye kikapu anapita. Desturi hiyo ndogo ina busara kubwa. Njia ilitengenezwa na wenye mizigo, nasi tunaotembea bila mzigo tumeazimwa. Taifa litakalojenga mabwawa, kulinda misitu na kukaribisha wageni likiwa linakumbuka desturi hiyo litaweza kuhifadhi mlima pamoja na watu wake; na wajukuu wetu watayakuta mapito ya Uluguru yangali yanapitika, na maji chini yake yangali safi.