Mzigo wa mkubwa: fundisho la Jadotville ya mwaka 1961

Gari inayotoka Fungurume kwenda Lubumbashi hupita Likasi. Wazee wa Lualaba na Haut-Katanga bado wanalikumbuka jina la zamani la mji huo: Jadotville. Pale, mwezi wa tisa mwaka 1961, kamanda mmoja mgeni alionyesha maana ya mkubwa kubeba mzigo wake mwenyewe. Habari yake inafaa kusikilizwa leo na kila mtu anayeongoza watu, awe mkubwa wa jeshi, shefu wa kartie, kapita wa kazi au kiongozi wa familia zilizohama makwao.

Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa mkubwa wa namna nyingine. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Jeshi lake, Force Publique, halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Askari walingoja kuona mabadiliko. Tarehe 5 mwezi wa saba, mkuu wao, Jenerali Émile Janssens wa Ubelgiji, aliwakusanya Léopoldville na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Maasi yalianza siku hiyohiyo. Tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Janssens alifukuzwa kazi. Inasimuliwa kwamba alipofika Brussels alikwenda mbele ya sanamu ya mfalme Léopold II, akamlalamikia kuwa wengine wameiharibu kazi yake. Kwake yeye, kosa lilikuwa la wengine.

Mwaka mmoja baadaye, ONU ilipeleka Jadotville kampuni moja ya askari wa Ayalandi, watu zaidi ya 150, ili kuwalinda wazungu wa mji. Kamanda wao aliitwa Pat Quinlan. Alipofika aliona haraka kwamba hata hao wazungu hawakumtaka. Wajandarme wa Katanga, pamoja na mamluki, walikuwa wengi kandokando ya mji. Vikosi vingine vya ONU vilikuwa vimeshaondolewa pale. Silaha nzito hakuwa nazo.

Quinlan angeweza kukaa akingoja wakubwa wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wamtengenezee mambo. Badala yake aliwaamuru watu wake wachimbe mahandaki. Ni kazi ya jasho, juani, na hakuna anayeipenda wakati bunduki ziko kimya. Lakini alijua kwamba siku ya risasi, wakubwa wa mbali hawatakuwepo. Watakaokuwepo ni yeye na vijana wake.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 13. Alfajiri ONU ilianza operesheni Morthor kule Elisabethville. Asubuhi hiyohiyo, wakati askari wengi wa Jadotville walikuwa kwenye misa, walishambuliwa. Mahandaki yakawaokoa. Walipigana siku kadhaa dhidi ya watu waliowazidi mara nyingi, huku ndege ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, ikiwapiga kutoka juu. Maji ya mji yalikatwa. Helikopta moja iliwaletea maji, lakini yaliwekwa katika madumu yaliyokuwa na mafuta, hayakunyweka. Kikosi cha kuwaokoa kilijaribu kupita daraja la mto Lufira, kikarudishwa nyuma.

Tarehe 17 risasi zilikuwa zimekwisha, maji hayakuwepo, na msaada haukuonekana njiani. Quinlan aliamua kusalimu amri. Hakungoja mtu wa juu amwamulie, na hakuwaachia vijana wake waamue kwa kura. Alijua jeshi lake litamwona vipi. Lakini alijua pia kwamba hakuna kitu kingine ambacho vifo vyao vingeokoa. Katika kampuni yake watu watano walijeruhiwa. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Walifungwa karibu mwezi mmoja, kisha wakaachiliwa.

Usiku huohuo wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege ya katibu mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akienda kuonana na Tshombe ili vita visimame.

Waliporudi kwao, askari wa Jadotville hawakupokewa kama mashujaa. Walitaniwa, wakaitwa waoga. Quinlan aliandika majina ya watu wake waliostahili medali. Hakuna aliyepewa. Hakuwarushia lawama vijana wake ili jina lake lisafishwe. Alikufa mwaka 1997, na heshima yake ikiwa bado haijarudishwa.

Waliodai haki ni wale aliowaokoa. Mwaka 2004 uchunguzi wa jeshi la Ayalandi ulisema kwamba kampuni ile haikuwa na kosa. Mwaka 2005 jiwe la ukumbusho likawekwa katika kambi yao ya Athlone. Mwaka 2017, miaka 56 baada ya vita, askari wale na familia zao wakapewa medali.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ni wa kwetu zaidi. Wajandarme waliotumwa kushambulia mahandaki yale walikuwa watoto wa nchi hii. Wengi waliuawa, na idadi yao hutajwa tofauti tofauti. Wao hawakujengewa jiwe. Tshombe alitangaza mwisho wa kujitenga akiwa Kolwezi, mwezi wa kwanza 1963, na wajandarme wengi wakakimbilia Angola. Mwaka 1977 walirudi na bunduki, na mwaka 1978 wakaingia Kolwezi. Raia ndio waliolipa, waliokufa na waliokimbia wakiwa na watoto mgongoni. Je, ni mkubwa gani aliyesimama mbele ya mama zao akasema, «Mimi ndiye niliyewatuma»?

Ndiyo tofauti ya jenerali wa ubaoni na kamanda wa mahandaki. Wote wawili walikutana na hatari kubwa kuliko nguvu zao. Mmoja hakuwasikiliza watu wake, kisha akalaumu wengine. Mwingine alijiandaa mapema, akaamua mwenyewe, akakubali aibu ili watu wake warudi nyumbani.

Katika Fungurume vita vya leo ni vya namna nyingine: nyumba, shamba, kazi, maji, mahali pa kuhamia. Viongozi wadogo husema mara nyingi, «Ni wakubwa wa juu waliokataa.» Pengine ni kweli. Wakubwa wa Quinlan nao walimwacha bila maji na bila msaada. Lakini yeye alikuwa ameshachimba. Kwa hiyo mtu anayekuja kuomba kuongoza kartie au kamati ya waliohama aulizwe swali moja kabla ya mengine: umechimba nini kabla risasi hazijalia?