Kibarua wa Ottawa na ua lake la bluu

Kuna ua la bluu linaitwa Gatineau. Ni aina ya irisi ya Siberia, ile ambayo Linnaeus aliipa jina la Iris sibirica mwaka 1753. Lakini Gatineau yenyewe haikutoka Siberia. Ilitoka Canada, kwenye mikono ya mhamiaji aliyeandikwa kazi kama kibarua.

Isabella Preston alizaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1881. Mwaka 1912 alihamia Canada na dada yake, wakakaa Guelph. Akaingia chuo cha kilimo, ila darasani hakudumu. Alipenda zaidi kujifunzia shambani. Mwaka 1920 akaenda Ottawa, kwenye shamba la majaribio la serikali. Mtu wa karibu miaka 40, ameshazalisha ua jipya la lili huko Guelph, na bado wakamwandika kibarua wa kutwa! Wengi wetu tunaijua hiyo: unafika na ujuzi wako kichwani, unapewa jembe. Yeye akalishika hilo jembe, akabaki pale mpaka 1946, na leo anahesabiwa mwanamke wa kwanza Canada kufanya kazi ya kuzalisha aina mpya za maua.

Mimi yananivutia majina. Lilaki zake aliziita kwa wanawake wa tamthilia za Shakespeare. Lili, kwa makarani wa ofisini kwao. Irisi akazipa majina ya mito ya Canada, na Gatineau ni mto unaomwaga maji yake kwenye mto Ottawa, jirani tu na lile shamba. Kwao Lancaster kuna mto pia, unaitwa Lune. Yeye akachagua mito ya alikohamia.

Kulitunza si kazi ngumu, mradi baridi iwepo, baridi ya kweli ya theluji. Kwa hiyo sisi wa huku tusijisumbue. Ndugu zetu waliopelekwa Canada wanaweza. Linataka jua na udongo unaoshika maji, na mwaka wa kwanza lisikauke kabisa. Baada ya miaka kadhaa katikati ya kichaka hufa. Hapo unachimbua, unakata vipande, unapanda upya, kama tunavyofanya na machipukizi ya mgomba.

Mbegu usizitegemee. Ukipanda mbegu ya Gatineau utapata irisi nyingine, siyo ile. Yaani kila Gatineau iliyopo leo, bustani yoyote ile, ni kipande kilichokatwa kutoka mche ule mmoja wa Preston, kikapita mkono kwa mkono.