Dawa za Maumivu ya Magoti: Zinasaidia Kiasi Gani?

Waamini wengi wenye umri mkubwa husumbuliwa na osteoathraitisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, hasa magoti. Wapo wanaomeza vidonge kabla ya Misa ili waweze kupiga magoti.

Parasetamoli, ingawa hutumiwa sana, hupunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo tu. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi. Lakini zikimezwa mara kwa mara zaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwenye maradhi hayo amwone daktari kwanza. Diklofenaki ya kupaka hulisaidia goti, nayo huingia kidogo katika damu. Hakuna kati ya dawa hizi irudishayo gegedu iliyolika. Mazoezi na kupunguza uzito uliozidi ni sehemu ya tiba.

Katekisimu, namba 2288, yatufundisha kuitunza afya kama zawadi ya Mungu. Nao Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kiroma, namba 43, haumlazimishi mgonjwa kupiga magoti wakati wa mageuzo. Na ainame kwa heshima padre apigapo goti. Ibada yake haipungui.