Pamba na Mpira: Wapiga Mbizi wa Jeju

Ukikutana na mulsojungi kwenye picha za zamani za kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, utadhani ni nguo ya ndani. Ni kivazi cha pamba kinachofunika kifua mpaka kwenye nyonga, kina kamba moja ya begani, mikono na mapaja yakiwa wazi. Wakiwa na vazi hilo, wanawake waitwao haenyeo walizamia hata wakati wa baridi kali, katika maji ya nyuzi 10 hivi, wakitafuta mwani na konokono wa baharini kwa pumzi zao tu, bila mtungi wa hewa. Mimi ni mtoto wa pwani ya Tanzania. Kwetu maji yakifika nyuzi 25 tunalalamika.

Kinachonivutia zaidi ni ubavu wa vazi lile. Upande mmoja haukushonwa. Ulifungwa kwa vishikizo au vikamba. Haenyeo walizamia hata wakiwa wajawazito, na tumbo lilipokua walilegeza. Fundi wake alijua ni mwili wa nani utakaoingia humo, kwa sababu mara nyingi ulikuwa wake mwenyewe.

Lakini pamba iliyolowa haitunzi joto. Kwa hiyo nusu ya pili ya vazi, kama naruhusiwa kusema hivyo, ilikuwa ufukweni: bulteok, duara la ukuta wa mawe lililokinga upepo, na moto katikati. Hapo walibadilisha nguo, walinyonyesha watoto na waliamua mambo ya kazi. Wakati wa baridi walikaa majini muda mfupi, wakatoka kuota moto.

Katika miaka ya 1960 mwanafiziolojia Suk Ki Hong na wenzake waliwapima. Waligundua kwamba wanawake hao walifanya kazi mpaka joto la mwili likashuka kufikia nyuzi 35 hivi, na kwamba wakati wa baridi miili yao iliunguza nishati kwa kasi kuliko ya wanawake wasiozamia. Walichelewa pia kutetemeka. Baridi ilikuwa imewafundisha miili.

Kisha likaja vazi la mpira. Lilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwanafizikia Hugh Bradner, kwa neoprini, mpira wenye vipovu vingi vidogo vya gesi. Vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Ukishuka chini sana vinabanwa, vazi linakuwa jembamba, na baridi inaanza kukupata. Maji machache huingia ndani na kupashwa joto na mwili, ila vazi lisipokubana vizuri, maji hayo hutoka na mengine ya baridi huingia kila unapojigeuza.

Hilo la mwisho nalifahamu kwa mgongo wangu. Niliwahi kuazimishwa vazi la kiume nilipokwenda kuzamia ziwani Ulaya. Lilinibana nyonga likanipwaya kiunoni, na kila nilipoinama maji ya barafu yaliteremka kwenye uti wa mgongo. Mwalimu alinishauri nijikaze. Vazi la mita kadhaa za neoprini, na bado sikuwa na kile ambacho mshonaji wa Jeju alikipata kwa vikamba vya ubavuni.

Jeju mpira ulienea katika miaka ya 1970. Wanawake waliokuwa wakitoka majini baada ya muda mfupi sasa waliweza kukaa saa kadhaa, na kipato kiliongezeka. Siwezi kumcheka mtu aliyeacha pamba. Mwenye kuisifu baridi aanze yeye kuingia. Hata hivyo gharama zilikuwepo. Neoprini huelea, kwa hiyo ililazimu kufunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi ili kuzama, uzito ambao mwili hubeba kila siku ya kazi. Watafiti waliporudi kuwapima, mapema miaka ya 1980, ule uwezo wa kustahimili baridi ulikuwa umetoweka. Ilichukua miaka michache tu.

Moto wa bulteok nao ukapungua kazi. Vikajengwa vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, na duara nyingi za mawe zikabaki tupu. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa haenyeo katika orodha ya urithi usioshikika. Waliobaki hawafiki 4,000, wengi wamevuka miaka 60. Wanavaa mpira mweusi na mikanda ya risasi, lakini mitungi ya hewa bado hawaitumii: kwao, anayezamia huchukua kile tu ambacho pumzi moja inamruhusu.