Mdhamini Asiyejua Kuwa Amedhamini: Simu za Wakusanya Madeni na Historia ya Mkopo wa Msafara Tabora

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila kibali, na kuwatahadharisha wananchi wasijihusishe nazo. Tangazo hilo lilifuata mwongozo uliotolewa Agosti mwaka huohuo kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za umma, ambao husimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Hatua hizo zilistahili, lakini zimeuacha mjadala ukizunguka leseni na riba, ilhali madhara yanayolalamikiwa zaidi katika mikopo iliyopewa na wananchi jina la “kausha damu” ni ya namna nyingine: mkopaji akichelewesha marejesho, simu hupigwa kwa mkwe wake, mwajiri wake, jirani yake na kwa yeyote ambaye namba yake imehifadhiwa katika simu ya mkopaji. Makala haya yanadai kwamba mtu huyo wa tatu, ambaye hakukopa wala hakudhamini, ndiye kipimo halisi cha haki katika ukusanyaji wa madeni, na kwamba historia ya mkopo katika njia ya misafara ya Tabora inaondoa udhuru unaotumika kumsumbua.

Hoja inayopingwa

Watetezi wa utaratibu huo husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba mkopaji asiye na nyumba wala hati ya shamba hana dhamana nyingine zaidi ya heshima yake mbele ya jamaa, kwa hiyo orodha ya majina katika simu yake huchukua nafasi ya rehani. Ya pili ni kwamba yeye mwenyewe aliridhia alipoiruhusu programu kuisoma orodha hiyo. Nguzo ya kwanza huvikwa vazi la nadharia kwa kurejelea kazi ya mwanauchumi Joseph Stiglitz ya mwaka 1990, iliyoeleza jinsi wanakikundi wanaokopa pamoja wanavyoweza kufuatiliana na hivyo kupunguza hasara ya mkopeshaji. Urejeleaji huo ni wa kupotosha. Wanaofuatiliana katika nadharia ya Stiglitz wamejifunga wenyewe kubeba deni la mwenzao, na kwa sababu hiyo wana manufaa na sauti katika mkopo huo. Anayepigiwa simu na mkusanya madeni hana hata kimoja kati ya hivyo.

Mkopo wa msafara

Dai kwamba mkopo usio na rehani hauwezekani bila kuwaaibisha watu linakanushwa na historia ya Tabora yenyewe. Katika karne ya 19 mji huo, ambao wasafiri wa wakati ule waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ambapo barabara ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likienda Ujiji na jingine likipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wanahistoria wanakubaliana kwamba biashara hiyo iliendeshwa kwa mali ya mkopo: wenye mitaji wa Unguja, wengi wao wakiwa Wahindi, waliwakabidhi wafanyabiashara Waarabu na Waswahili nguo, shanga na nyaya za shaba, kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu msafara utakaporudi. Muda ulikuwa sehemu ya mkopo wenyewe. Msafara wa wapelelezi Burton na Speke, ulioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, ulifika Kazeh tarehe 7 Novemba, baada ya siku zaidi ya 130, na kwa mfanyabiashara safari kama hiyo ilikuwa mwanzo tu wa kutafuta pembe.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana katika maisha ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ya Kiswahili ilichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake aliishi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Yeye mwenyewe aliingia bara akiwa na bidhaa za mkopo, na mfadhili wake mkuu alikuwa Taria Topan wa Unguja. Alikaa bara takriban miaka 12 kabla ya kurejea Unguja mwaka 1882. Katika muda wote huo mdai aliyekuwa mamia ya maili mbali alitegemea barua, wajumbe na jina la mdaiwa, na deni lilihesabiwa kwa yule aliyelichukua. Thomas McDow, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu madeni na safari za watu katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ameonyesha jinsi nyaraka za madeni zilivyowapa wakopaji muda wa kujijenga, na jinsi safari ya bara ilivyokuwa pia njia ya kuahirisha malipo. Mdai wa siku hizo, kwa hiyo, alikabiliwa na hatari kubwa kuliko ya mkopeshaji wa leo anayeijua namba ya mteja wake, na bado aliendelea kukopesha.

Utaratibu huo ulizungukwa na fikra za sheria ya Kiislamu, ambayo katika Sura Al-Baqara, aya ya 280 na ya 282, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi, na deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi. Kafala, yaani mkataba wa kumdhamini mdaiwa, haimfungi mtu asiyeikubali.

Itasemwa kwamba biashara hiyo ilikuwa pia biashara ya watumwa, na kwamba misafara ilitumia nguvu nyingi. Ni kweli, na hakuna anayependekeza kuifanya kuwa kielelezo cha maadili. Inaletwa hapa kujibu swali moja tu, la kama mkopeshaji anaweza kuishi bila kumfuata asiyehusika, na jibu ni kwamba aliweza, hata katika mazingira magumu kupita ya sasa.

Tabora ya leo inatoa ushahidi wa pili. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge hupata pembejeo kwa mkopo kupitia vyama vya ushirika vya msingi, na deni hukatwa baada ya mauzo ya msimu. Dhamana ya pamoja katika vyama hivyo imeleta manung’uniko, kwa kuwa mkulima mwaminifu huweza kulipia uzembe wa mwenzake. Hata hivyo anayebeba mzigo huo ni mwanachama, mwenye haki ya kuhoji katika mkutano mkuu. Zaidi ya hayo, mkopo hufuata msimu wa zao. Mkopo wa mtandaoni unaodaiwa ndani ya siku 7 au 14 haupatani na kipato cha mkulima anayeuza mara moja kwa mwaka, na sehemu ya kile kinachoitwa ukaidi wa wakopaji inaelekea kutokana na pengo hilo la muda.

Sheria zilizopo

Nguzo ya ridhaa nayo haisimami. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, na inampa mhusika haki ya kupinga matumizi yanayomdhuru, kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kudai fidia. Jina na namba ya rafiki ni taarifa za rafiki, hivyo mkopaji hawezi kuridhia kwa niaba yake. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza mawasiliano ya kielektroniki yenye nia ya kutisha, kusumbua au kumtia mtu katika mfadhaiko. Vitisho vya kukamatwa na polisi navyo havina msingi, kwa sababu kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, na mdaiwa hawezi kufungwa kwa deni hilo pasipo amri ya mahakama.

Tatizo ni kwamba ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha umejengwa juu ya uhusiano wa mtoa huduma na mteja wake. Anayepigiwa simu kwa deni la binamu yake si mteja wa yeyote, na kwa hiyo huenda asijue mlango wa kubisha. Kenya imelikabili jambo hili waziwazi zaidi: kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mteja, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa kosa la aina hiyo. Marekani iliweka sharti tangu mwaka 1977 kwamba mkusanya madeni anaweza kuwasiliana na mtu wa tatu kwa lengo la kutafuta anwani ya mdaiwa tu, bila kutaja deni, na asimpigie mdaiwa kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku.

Wakopeshaji watajibu kwamba masharti hayo yatapandisha gharama ya mkopo. Huenda yakafanya hivyo kwa kiasi fulani, lakini gharama inayoonekana katika riba ni ya haki kuliko ile inayohamishiwa kwa mtu asiyepokea hata senti moja.

Hitimisho

Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi zinapaswa kuwa na dawati moja la pamoja la malalamiko, linalompokea mtu wa tatu kwa haki yake mwenyewe, na kanuni zitaje kwa maneno yasiyo na utata kwamba mdhamini ni yule tu aliyekubali kwa maandishi au kwa rekodi inayothibitika. Hadi hapo, anayepigiwa simu kwa deni asilolijua atunze ujumbe na kumbukumbu za simu hizo, akatae kulipa, na apeleke lalamiko kwa Tume, kwa kuwa sheria iliyopo tayari iko upande wake.