Diepsloot na barabara ya kurudi kwao

Ikifika katikati ya Desemba, kampuni za ujenzi za Johannesburg zikishafunga kazi mpaka mwaka mpya, Diepsloot, mtaa wa wahamiaji kaskazini mwa jiji hilo, hupungua watu. Teksi, ambazo ndizo daladala za Afrika Kusini, hufungwa trela nyuma. Ndani ya trela hupakiwa magodoro, majiko, magunia ya unga na yale mabegi makubwa ya nailoni yenye mistari. Safari ni ya kaskazini. Wanaipita Pretoria kwa barabara kuu ya N1, wanafika kituo cha ushuru cha Kranskop ambako foleni ya Krismasi ni habari ya kila mwaka, kisha Polokwane, na hapo kila gari linashika njia yake: Sekhukhune, Bolobedu, Giyani, Thohoyandou. Wazimbabwe wanasonga mbele hadi mpakani Beitbridge. Msomaji aliyewahi kuhangaikia tiketi ya Moshi wiki ya Krismasi, au kupanda matatu ya kwenda shambani tarehe 23 nauli ikiwa imepanda mara mbili, anaijua safari hii hata kama hajawahi kukanyaga Limpopo, jimbo la huko kaskazini.

Mtalii huonyeshwa njia nyingine. Barabara ya R511 hupita kando ya Diepsloot kuelekea bwawa la Hartbeespoort, na katika vilima vya upande huo, kaskazini ya uwanja wa ndege wa Lanseria, kuna kijiji cha utamaduni cha Lesedi kilichoanzishwa miaka ya 1990. Humo zimejengwa boma za Wazulu, Waxhosa, Wapedi, Wasotho na Wandebele, na kwa saa chache mgeni huzunguka zote, hutazama ngoma na kula chakula cha jioni. Wachezaji wa pale wana ufundi wa kweli na ni ajira yenye heshima. Ila mtu anayetaka kujua Mpedi au Mtsonga ameishije na kwao anaikuta historia hiyo kwenye N1, kwa sababu safari ya kwenda na kurudi imewafinyanga watu hawa kwa zaidi ya miaka 150. Ni ya zamani kuliko jiji la Johannesburg lenyewe.

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1850, vijana wa Kipedi walikuwa wakitembea kwa miguu mamia ya kilomita kwenda kufanya kazi katika makoloni ya Natal na Rasi. Hawakufukuzwa na njaa peke yake. Walitumwa, wakaenda kwa makundi, na walichokifuata zaidi ni bunduki. Mfalme Sekwati, na baada yake mwanawe Sekhukhune, walihitaji silaha za kuilinda nchi dhidi ya Makaburu waliokuwa wakisogea mwaka hadi mwaka. Almasi zilipoanza kuchimbwa Kimberley, Wapedi walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya vibarua pale. Mwanahistoria Peter Delius ameieleza habari hii kwa kina, na kwangu hapa ndipo pa kuanzia: watu hawa walitoka kwao ili kwao pabaki. Mwaka 1876 jeshi la Makaburu lilishindwa kuiteka nchi ya Sekhukhune. Ilibidi waje Waingereza, wakiongozwa na Garnet Wolseley na kusaidiwa na maelfu ya wapiganaji wa Kiswazi, ndipo ikaanguka Novemba 1879.

Baada ya hapo safari ikageuka kuwa amri. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 ya nchi, na nyongeza ya 1936 ikafikisha takribani asilimia 13. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilikuwa migodini. Mwanamume alipata kitanda hosteli ya Johannesburg, mke na watoto wakabaki kijijini, na pasi aliyoibeba ilieleza anaruhusiwa kuwa wapi. Tangu 1952, Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Wakenya waliobeba kipande shingoni waliyaonja mambo hayo, na vijana wa Rungwe na Kyela waliochukuliwa na Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua, kwenda migodi hiyohiyo waliyaona kwa macho, hadi Tanganyika huru ilipokomesha uandikishaji huo.

Serikali iliyatazama maeneo hayo ya vijijini kama ghala la vibarua. Wenyewe waliyatazama kama nchi yao iliyobaki, nao waliipigania kutoka mjini. Katikati ya miaka ya 1950, Wapedi wafanyao kazi Johannesburg na Pretoria waliunda chama kilichoitwa Sebatakgomo. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Flag Boshielo na Elias Motsoaledi, yule aliyehukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela mwaka 1964. Mikutano ilifanyika hostelini siku za mapumziko, na habari zilisafiri na watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Walipinga mpango wa kuwageuza machifu kuwa watumishi wa serikali ya Makaburu, kupunguza ng'ombe na kupanga upya mashamba. Mei 1958 Sekhukhune ikalipuka. Watu waliuawa, mamia wakakamatwa, na polisi wakatanda vijijini. Nasikitika kwamba mapambano haya hayajulikani sana nje ya Limpopo, kwa sababu yanaonyesha wazi kwamba hosteli na kijiji vilikuwa uwanja mmoja wa siasa.

Kisha neno "kwao" likaandikwa kwenye sheria kwa nia mbaya. Mwaka 1970 Bunge la Cape Town lilipitisha sheria ya kumfanya kila Mwafrika raia wa "nchi" ya kabila lake, hata kama alizaliwa Soweto na hajawahi kuiona. Mpedi akaandikiwa Lebowa, Mtsonga Gazankulu, Mvenda Venda. Venda "ilipewa uhuru" tarehe 13 Septemba 1979, na hakuna taifa la nje lililoutambua. Karibu miezi mitatu baadaye, kwenye Bophuthatswana, "nchi" ya Watswana, mfanyabiashara Sol Kerzner akafungua hoteli na kasino ya Sun City. Kamari ilikuwa haramu Afrika Kusini, hivyo wazungu wa Johannesburg wakaanza kumiminika mwisho wa wiki kwenye "nchi" ambayo wenyeji wake walikuwa wakisukumiwa humo kwa malori. Mwaka 1985 wanamuziki wengi mashuhuri, wakikusanywa na mwenzao Steven Van Zandt, walitoa wimbo wa kuapa kwamba hawatapiga muziki pale.

Pasi zilifutwa 1986, na Aprili 1994 zile nchi bandia zikarudi ndani ya Afrika Kusini. Diepsloot ilizaliwa katika kipindi hichohicho. Karibu mwaka 1995 ilitengwa kuwa kambi ya muda ya familia zilizoondolewa Zevenfontein, mashamba ya kaskazini mwa jiji ambako zilijenga vibanda, na ambako majirani wenye mali hawakuzitaka. Mwaka 2001 wakaletwa wengine kutoka kingo za mto Jukskei huko Alexandra. Muda ukawa wa kudumu. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu 138,000, wengi wao wakiwa wametokea Limpopo, na pamoja nao Wazimbabwe na Wamsumbiji. Bonde lililo jirani lina Steyn City, mji wa matajiri wenye ukuta wake, uliofunguliwa 2015.

Wahamiaji hawa hawakuuacha utamaduni kijijini uwasubiri. Ngoma ya kiba ya Wapedi, ambamo wanaume hupuliza filimbi ziitwazo dinaka huku wamevaa sketi za Kiskoti, imechezwa mijini Jumapili kwa vizazi. Baadaye wanawake waliofanya kazi za ndani Johannesburg waliunda vikundi vyao vya kiba. Mtafiti Deborah James aliyewafuatilia alieleza jinsi ngoma hiyo ilivyowapa ndugu na heshima mjini. Na kila Pasaka mabasi ya waumini wa kanisa la Zion Christian Church (ZCC), wenye nyota ya fedha kifuani, huelekea Moria, mashariki ya Polokwane, makao ya kanisa aliloanzisha Engenas Lekganyane. Uzito wa mkusanyiko huo ulionekana Pasaka ya 1992, pale Mandela, rais wa wakati huo F. W. de Klerk na Mangosuthu Buthelezi wa chama cha Inkatha walipofika wote.

Hata Ulaya wapo watu wanaoweza kuielewa hali hii ya kuishi ugenini na kurudi kwao: Wabaski, ambao nchi yao imekatwa na mpaka wa Hispania na Ufaransa. Vijana wao walivuka bahari kwenda kuchunga kondoo Nevada na Idaho, na wajukuu wao leo husafiri kutoka Boise kwenda kuitafuta nyumba ya babu. Watalii hujaza makumbusho ya Guggenheim huko Bilbao. Wajukuu hawa huenda kwenye kijiji kidogo chenye kanisa na ukuta wa kuchezea mpira wa mkono, kwa sababu hapo ndipo wanapotambulika kwa jina la ukoo.

Kutambulika kuna upande wake mkali. Mei 2008, na tena Aprili 2022 alipouawa mhamiaji kutoka Zimbabwe, makundi ya watu Diepsloot yaliwauliza majirani zao karatasi za kuthibitisha kwao ni wapi. Swali hilo waliulizwa baba zao na polisi wa pasi. Inaumiza kulisikia likitoka vinywani mwa watoto wa watu walioteswa nalo.

Wanaovuka Kranskop kila Desemba hulijibu kwa njia nyingine. Pesa za stokvel, kikoba cha huko, hugawanywa mwisho wa mwaka na kugeuka bati la nyumba ya mama. Kuna makaburi ya kufyeka na badimo, wazee waliotangulia, wa kuarifiwa kwamba amezaliwa mtoto. Na vyama vya mazishi, ambavyo karibu kila mhamiaji amejiunga navyo, hukusanya michango mwaka mzima kusudi mwanachama akifia mjini asizikwe ugenini.

Hapo sasa pana mjadala mpya. Waliozaliwa Diepsloot mwaka ilipoanzishwa wameshafika miaka 30, na wengine wana watoto. Kijijini kwa bibi huitwa watu wa mjini. Halmashauri ya Johannesburg ina makaburi hukohuko Diepsloot. Mzee anapofariki, ndugu waliobaki Limpopo hutaka mwili upelekwe kaskazini, ilhali watoto huuliza nani atakwenda kulifyeka kaburi kila mwaka. Kikao kinaweza kwenda mpaka usiku, na si kila mara teksi yenye trela ndiyo inayoshinda.